Safari ya kuvua ziwani au mtoni: ufuate mwezi, hali ya hewa au majira?

Siku za likizo ni chache, chombo kinalipiwa hata usipopata kitu, na kila mvuvi unayemuuliza ana kalenda yake. Mmoja hatii ndoano majini kabla ya kujua mwezi umefikia wapi. Mwingine anatazama mawingu na upepo, basi. Wa tatu anakwambia hayo yote ni madogo, kubwa ni msimu. Na wote watatu wanarudi na samaki, jambo ambalo humchanganya zaidi anayetaka kupanga safari yake.

Ulinganisho huu ni wa anayevua kwa ndoano katika maji yasiyo na chumvi, yaani maziwa, mabwawa na mito, ingawa wavuvi wa taa nao watajiona humu. Niseme mapema ninavyoliona jambo lenyewe: mwezi, hali ya hewa na majira kila kimoja kina swali lake. Majira hujibu wiki zipi na samaki gani. Hali ya hewa hujibu siku ipi na upande upi wa ziwa. Mwezi hujibu usiku upi na saa ngapi. Safari nyingi huharibika kwa sababu mtu amekiuliza kimoja swali la mwenzake.

## Vigezo nilivyotumia

Vyote vitatu nimevipima kwa mambo manne. La kwanza ni kuona mbele: taarifa hiyo unaipata miezi kabla, siku kabla, au asubuhi ya safari? La pili ni njia ya kumfikia samaki. Samaki anahisi mwanga, joto, oksijeni, mwendo wa maji, harufu na chakula. Jambo lisilopita katika mojawapo ya hayo haliwezi kumfanya ale au aache kula. La tatu ni mahali ambapo kalenda hiyo hudanganya, kwa maana kila moja ina sehemu inayoonekana kufanya kazi kumbe sifa ni za kitu kingine. La nne ni mtu inayemfaa.

Sikuweka kigezo cha "samaki wangapi". Idadi ya samaki inategemea mno ziwa lenyewe, chambo na mkono wa mvuvi, kiasi kwamba kuilinganisha baina ya kalenda tatu ni kubahatisha.

## Kufuata mwezi

Kuona mbele. Hapa mwezi hauna mpinzani. Huchukua siku 29 na nusu hivi kurudia hali ileile, na tarehe za mwezi mpevu za miaka ijayo zinajulikana leo. Kila siku huchomoza kwa kuchelewa, kwa wastani dakika 50 kuliko siku iliyotangulia, kwa hiyo ukishajua tarehe moja, zilizobaki unazihesabu kichwani. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua na kukesha angani. Mwezi wa robo ya mwisho huchomoza karibu saa sita usiku. Wa robo ya kwanza unakuwa juu tangu jioni, kisha unatua karibu saa sita usiku. Siku za giza, mwezi hutembea na jua mchana na kuuacha usiku mtupu.

Njia ya kumfikia samaki. Waliozoea bahari huja ziwani na hesabu ya bamvua na maji mafu, yaani siku maji ya bahari yanapopanda na kushuka sana na siku yanapofanya hivyo kidogo. Waiache pwani. Mvuto wa mwezi upo kila mahali, lakini maji ya ziwa ni machache mno kuuonyesha: hata katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, kupwa na kujaa kunakotokana na mwezi na jua hakufiki sentimita 5. Upepo wa mchana mmoja huyapandisha na kuyashusha maji kuliko hivyo.

Kinachobaki ni mwanga, nao si kitu kidogo. Wadudu wadogo wanaoelea majini, chakula cha samaki wengi wadogo, hujificha vilindini mchana na kupanda juu kula usiku. Hupanda kwa sababu giza linawaficha. Sasa fikiria siku chache baada ya mwezi mpevu: jua limetua, giza limeingia, wadudu wamepanda, halafu saa moja au mbili baadaye mwezi mkubwa unachomoza na kuwakuta wako juu. Mtafiti Maciej Gliwicz alilieleza jambo hili mwaka 1986 kutokana na kazi yake katika bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Aliona idadi ya wadudu hao ikipanda na kushuka sawasawa na mzunguko wa mwezi, kwa sababu dagaa wa bwawa lile walikuwa wakiwala kwa wingi mwezi unapochomoza gizani. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mwezi unaweza kupanga saa ya kula katika maji ya bara, na uzuri wake ni kwamba unakuonyesha na njia yenyewe.

Ushahidi mwingine ni riziki ya watu. Wavuvi wa dagaa wa ziwa Tanganyika na ziwa Victoria huvua kwa taa siku za giza, na wengi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa taa haivuti samaki kama maji yote yana mwanga.

Kumbuka pia kwamba mwezi nusu hautoi nusu ya mwanga. Hutoa kama sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wa mwezi mpevu. Kwa hiyo usiku wenye mbalamwezi ya kweli ni wachache kila mwezi, zile siku tatu au nne kabla na baada ya upevu. Kuzigawa siku zote 29 katika madaraja ya "bora", "wastani" na "mbaya" ni kulazimisha tofauti mahali ambapo samaki haioni.

Na samaki hawafanani. Kambale hutafuta chakula kwa sharubu na kwa kunusa, wala giza halimzuii. Samaki anayewinda kwa macho ananufaika na mwanga kidogo unaomwezesha kuona kivuli cha windo juu yake. Ukiwa unamfuata wa kwanza na kutumia kanuni za wa pili, kalenda ya mwezi itaonekana ya uongo ilhali uongo haupo.

Inapodanganya. Programu nyingi za simu zinazokupa "saa za samaki kula" zinatokana na nadharia ya Mmarekani John Alden Knight, aliyeanza kuijenga mwaka 1926. Kwa nadharia hiyo kuna vipindi viwili vikubwa kila siku, mwezi ukiwa utosini na ukiwa upande wa pili wa dunia, na vipindi viwili vidogo, ukichomoza na ukitua. Tazama vipindi hivyo vinaangukia wapi. Siku za mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua likitua na hutua jua likichomoza. Siku za giza, huchomoza na kutua pamoja na jua. Maana yake ni kwamba katika siku ambazo jedwali linazisifia zaidi, vipindi vidogo vinakaa juu ya alfajiri na machweo, saa ambazo samaki wengi hula vizuri mwezi uwepo usiwepo. Mwezi unasifiwa kwa kazi ya mapambazuko. Vikijumlishwa, vipindi vyote vinne huchukua kama robo ya siku, na ukivua sana ndani ya vipindi hivyo, bila shaka samaki wako wengi watatoka humo.

Inamfaa nani. Anayevua usiku, anayevua kwa taa, na anayeishi karibu na maji kiasi cha kuchagua usiku mmoja kati ya mingi. Anayevua mchana peke yake hapati mengi hapa. Wapo wanaosema asubuhi inayofuata usiku wa mbalamwezi huwa nzito kwa sababu samaki wameshashiba. Kwa wawindaji wa macho inaingia akilini, lakini nisingeahirisha safari kwa sababu hiyo peke yake.

## Kufuata hali ya hewa

Kuona mbele. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Utabiri wa siku mbili tatu unategemeka. Wa siku tano bado unafaa kupangia. Ukivuka siku kumi, unasoma desturi ya msimu iliyovishwa tarehe. Maeneo ya joto yana shida nyingine: mvua za radi huzaliwa na kufa ndani ya saa chache, zikanyesha ng'ambo moja ya ziwa na kuuacha upande wa pili mkavu, hata mtabiri mzuri anaishia kusema tu kwamba mchana kuna uwezekano. Kwa upepo, hata hivyo, utabiri wa siku mbili tatu ni mali, na mvuvi anahitaji upepo kuliko anavyohitaji mvua.

Njia ya kumfikia samaki. Njia ziko nyingi, ndiyo maana sehemu hii ni ndefu.

Anza na upepo. Ukivuma upande mmoja kwa siku kadhaa, husukuma maji ya juu, yenye joto, pamoja na wadudu na takataka zote zinazoelea, kuelekea ufukwe unaopigwa na mawimbi. Samaki wadogo hufuata chakula, wakubwa huwafuata wadogo. Mawimbi pia huvunja mwanga na kumficha mvuvi. Ni taabu kuvua huku upepo unakupiga usoni, lakini ufukwe huo ndio ningeuchagua mara nyingi kuliko ule uliotulia. Katika ziwa lenye kina, upande unakotoka upepo hutokea kinyume chake: maji ya juu yakisukumwa, ya chini yenye ubaridi hupanda kujaza nafasi. Ziwa Tanganyika huonyesha hili kwa ukubwa wa ajabu. Kati ya Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kwenye ncha ya kusini maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini. Kwa muda mrefu rutuba hiyo inalisha ziwa zima. Kwa siku moja moja, maji ya chini yakipanda yakiwa hayana oksijeni ya kutosha, samaki huhama, na wasipowahi hufa.

Mvua huja na mambo mawili yanayopingana. Inayoanza kuinua mto huingiza minyoo, wadudu na harufu, maji yanachafuka kidogo, na samaki waliokuwa waoga wanasogea kingoni. Ikizidi, mto unakuwa tope linalokimbia, samaki hujibana nyuma ya mawe na kwenye vidimbwi vya pembeni, na anayewinda kwa macho haoni chambo chako. Mtoni, basi, saa za kwanza za maji kupanda na siku za maji kushuka na kuanza kung'aa ni nzuri. Katikati yake ni pa kukaa nyumbani, kwa usalama vilevile.

Mawingu ni rahisi zaidi. Jua kali likipiga maji maangavu, samaki huenda kina kirefu au chini ya vivuli vya magugu na miti. Wingu zito likitanda, wanaowinda hutembea, na ile saa ya alfajiri inaweza kurefuka hadi adhuhuri.

Inapodanganya. Mgandamizo wa hewa. Hakuna kipimo kinachoheshimiwa hivi na wavuvi wanaopenda vyombo: ukishuka samaki wanakula, ukipanda baada ya mvua samaki wanafunga mdomo. Wanayoyaona yanaweza kuwa kweli kabisa. Ninaloshuku ni sababu. Badiliko la hektopaskali 10 (hektopaskali ni kizio cha kupimia mgandamizo wa hewa), ambalo kwa hali ya hewa ni kubwa, ni sawa na mgandamizo wa sentimita 10 tu za maji. Samaki anayepanda mita moja kuchukua mdudu ameshapitia badiliko la karibu hektopaskali 100, na anafanya hivyo mara nyingi kwa siku bila kusita. Siku mgandamizo unaposhuka, upepo huongezeka, mawingu hutanda na mwanga hupungua, na hayo samaki anayahisi waziwazi. Kipimo ni mjumbe mzuri wa habari hizo. Kukitumia kama mjumbe ni sawa.

Karibu na ikweta kuna mtego zaidi. Huko mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa hektopaskali chache, ukiwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, hata kama hakuna mvua yoyote njiani. Anayeona kipimo kikishuka mchana na kudhani dhoruba inakuja anasoma pumzi ya kawaida ya anga.

Na kuna hili la radi, ambalo halina mjadala. Mvuvi aliye katikati ya maji ndiye kitu kirefu kuliko vyote hapo, na fimbo nyingi za kisasa zina nyuzi za kaboni zinazopitisha umeme. Ukiona mmweko na kusikia ngurumo kabla ya kuhesabu hadi sekunde 30, radi iko karibu vya kutosha kukufikia. Toka majini, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Samaki mara nyingi hula vizuri dakika zile kabla ya mvua kuanguka, na ndizo dakika zinazoua watu.

Inamfaa nani. Mwenye ratiba inayonyumbulika, anayeweza kusema Jumatano kwamba Ijumaa anakwenda. Inamfaa pia yule ambaye tarehe yake imefungwa ila mahali hapajafungwa: siku huwezi kuibadilisha, ufukwe unaweza. Kwa mtu huyo, kujua upepo utavuma kutoka wapi kunazidi thamani kila kitu kingine katika ukurasa huu. Na anayevua mtoni hana namna ya kuikwepa hali ya hewa, kwa maana mto ni mvua ya jana inayopita.

## Kufuata majira

Kuona mbele. Unajua miezi kabla, ingawa si kwa usahihi wa tarehe. Mvua za msimu huchelewa au kuwahi, baridi hurefuka. Panga kwa wiki tatu au nne, usipange kwa siku tatu. Zingatia pia kwamba maji hufuata hewa kwa kuchelewa: joto la ziwa kubwa hufikia kilele wiki kadhaa baada ya joto la hewa. Na mwinuko hubadilisha kila kitu. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo bwawa la mlimani na ziwa la bondeni, katika nchi moja na mwezi mmoja, yako katika misimu miwili kwa upande wa samaki.

Njia ya kumfikia samaki. Joto la maji ni joto la mwili wake. Samaki wengi hawana joto lao wenyewe, na kwa jumla shughuli za mwili huongezeka karibu maradufu maji yakipanda nyuzi 10, hadi mpaka ambao aina yake inaweza kuvumilia. Maji ya vuguvugu yanamfanya ahitaji chakula zaidi. Wakati huohuo yanabeba oksijeni kidogo: usawa wa bahari, maji safi ya nyuzi 10 hushika miligramu 11 hivi kwa lita, ya nyuzi 20 hushika 9, ya nyuzi 30 hushika 7.5. Trauti anapenda maji ya nyuzi 10 hadi 16 na huanza kuteseka yakivuka 20. Sato yuko upande wa pili kabisa, hula kwa bidii kati ya nyuzi 25 na 30 na hupoteza hamu maji yakipoa chini ya 20. Msimu mmoja hauwezi kuwa mzuri kwa wote wawili, na ndiyo sababu swali "msimu gani mzuri wa kuvua" halina jibu mpaka useme samaki gani.

Majira ndiyo pia hupanga uzazi. Kambale hungoja mvua, hupanda na maji ya mafuriko hadi kwenye nyasi zilizofunikwa, hutaga huko na kurudi maji yakipungua. Mifereji ya maji yanayorudi ziwani ina samaki wengi kwa kipindi kifupi. Sato jike, baada ya kutaga, hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na katika siku hizo hula kidogo sana au hali kabisa. Ufukwe unaweza kujaa sato unaowaona kwa macho na ndoano isiguswe. Hilo halitokani na mwezi wala upepo.

Jambo la tatu ni matabaka. Maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4. Katika nchi zenye majira manne, kiangazi kinapokolea, ziwa lenye kina hugawanyika: maji ya joto juu, baridi chini, na kati yake mpito mwembamba ambapo joto hushuka ghafla. Tabaka la chini halipati hewa mpya, na kufikia mwisho wa kiangazi katika maziwa mengi yenye rutuba oksijeni yake imekwisha. Kushusha chubwi hadi chini kabisa wakati huo ni kuvua mahali pasipo na samaki. Vua juu ya mpito. Hewa inapopoa, matabaka huchanganyika, na samaki waliokuwa wamebanwa katika kina kimoja hutawanyika ziwa zima. Kwa siku kadhaa kuwapata ni kazi. Katika maziwa ya ukanda wa joto tofauti ya nyuzi ni ndogo, lakini matabaka yapo, na msimu wa upepo na ubaridi ndio unaoyachanganya.

Inapodanganya. Majira hukupa wiki nzuri yenye siku mbaya ndani yake. Mtu hufika katika kilele cha msimu, akakuta upepo mkali siku mbili mfululizo, akaondoka akisema ziwa limekwisha samaki. Pia huzaa uvivu wa kufuata desturi ya kale: "mwezi wa nne ndio wa samaki hapa". Labda ndio, kama mvua zimekuja kwa wakati wake. Kipimajoto cha maji kilichofungwa kwenye mshipi kinaeleza msimu uliopo. Tarehe inaeleza msimu uliotarajiwa. Mwisho, kilele cha msimu mara nyingi ni wakati wa kuzaliana, na sehemu nyingi sheria hufunga uvuvi wa aina fulani au maeneo fulani katika wiki hizohizo. Angalia kanuni na kibali kabla ya kulipia chochote. Hata pasipo katazo, samaki aliye juu ya kiota au mwenye mayai mdomoni ningemwacha, kwa sababu kumtoa huyo ni kutoa na vifaranga wake.

Inamfaa nani. Anayelazimika kufunga tarehe mapema, anayesafiri mbali, na anayemtaka samaki wa aina moja mahsusi. Kwa asiyelijua ziwa, majira ndiyo taarifa pekee atakayoweza kuipata akiwa nyumbani na bado ikawa na maana afikapo.

## Zinapokinzana

Mara nyingi zitakinzana. Msimu unasema ndiyo, mwezi ndiyo, upepo hapana. Ninavyoamua mimi ni kuangalia kizuizi kwanza, ndipo niangalie kivutio. Maji yenye joto lisilomfaa samaki unayemtaka, mto wa tope, radi, mawimbi yanayozidi chombo: hivyo ni vizuizi, na hakuna usiku wa giza unaoviondoa. Mwezi na mawingu ni vivutio. Vinaiongezea uzuri safari ambayo tayari inawezekana. Kwa sababu hiyo hali mbaya ya hewa inatosha kufuta safari, msimu usiofaa unatosha kubadilisha samaki unayemlenga, na mwezi usiofaa unatosha kukufanya uvue alfajiri badala ya usiku. Isipokuwa kwa mvuvi wa taa. Kwake mbalamwezi ni kizuizi kama kingine chochote.

## Chagua kwa hali yako

Kama likizo yako inaombwa miezi kabla, chagua wiki kwa majira na aina ya samaki. Ukibaki na wiki mbili zinazolingana, hapo acha mwezi uamue: wiki ya giza ukipanga kukesha kwa kambale au taa, yoyote kati yake ukivua mchana. Ukifika, upepo wa asubuhi ndio ukuchagulie ufukwe.

Kama unaishi karibu na maji na unaweza kutoka jioni yoyote, fuata hali ya hewa, na andika joto la maji, upepo na saa uliyopata samaki. Wewe ndiye unayeweza kuipima kalenda ya mwezi kwa haki, kwa kuwa utavua siku zake mbaya vilevile. Anayekwenda siku nzuri pekee hana cha kulinganisha nacho.

Kama una Jumamosi tu, usihangaike na programu ya saa za samaki. Kuwa majini kabla ya mapambazuko, kaa hadi jua lipande, rudi tena kuelekea machweo. Kukiwa na mawingu, usiondoke mchana.

Kama unakwenda na watoto au mtu anayejifunza, chagua siku tulivu hata kama si siku ya samaki wengi. Ufukwe unaopigwa na upepo ni mzuri kwa samaki, lakini humchosha anayejifunza kurusha mshipi, na chombo kidogo si mahali pa mtoto siku ya mawimbi.

Kama ni mto, tazama mvua ya sehemu za juu, kokote mto unakotoka, siku tatu kabla. Kwako kunaweza kuwa jua kali huku maji ya tope yako njiani.

Kama unavua usiku bila taa ya kuvutia samaki, jaribu zile siku mbili hadi tano baada ya mwezi mpevu. Uwe tayari kwenye maji ya wazi kabla ya mwezi kuchomoza, chambo kikiwa karibu na uso wa maji, kwa sababu dagaa wakipanda kula, wanaowala hupanda nyuma yao. Ikiwa maji hayo yana mamba au viboko, fanya hivyo kutoka kwenye chombo imara ukiwa na mtu mwingine, au usifanye.

Na kama joto limepanda mno na unavua kwa kurudisha samaki majini, badili saa zako ziwe za alfajiri, maji yakiwa yamepoa, na usimweke samaki nje kwa muda. Trauti aliyepigana katika maji ya zaidi ya nyuzi 20 anaweza kuogelea akaondoka mbele ya macho yako, kisha akafa baadaye. Siku hizo ni afadhali kumtafuta samaki mwingine anayelipenda joto hilo.